Kazi, Kutumika na Kujitegemea: Mwanafunzi wa Lubumbashi katika Ajira ya Kompyuta nchini Ujerumani

1.0 Utangulizi

Neno kazi ni miongoni mwa maneno ambayo msemaji wa Kiswahili huyatumia kila siku bila kuhisi haja ya kuyafafanua. Mkulima ana kazi, karani ana kazi, mama anayepika ana kazi, na fundi anayetengeneza simu kando ya barabara naye ana kazi. Upana huo ni utajiri wa lugha. Hata hivyo, upana huohuo hugeuka kuwa tatizo pale msemaji anapoingia katika nchi ambayo sheria yake imegawa kazi katika mafungu, ikaruhusu fungu moja na kulifunga jingine.

Makala haya yanakusudia kueleza hali hiyo kwa kumwangalia mwanafunzi anayetoka Lubumbashi, katika jimbo la Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akaenda Ujerumani kusomea taaluma ya kompyuta na kufanya ajira ya saa chache katika taaluma hiyohiyo. Hoja inayotetewa ni kwamba mwanafunzi huyo hukutana na hatari ambayo kwa sehemu ni ya kisheria na kwa sehemu ni ya kimsamiati, na kwamba Kiswahili cha Lubumbashi chenyewe kina kitenzi kinachoweza kumsaidia kuuona mpaka wa sheria kwa uwazi kuliko neno kazi la Kiswahili sanifu. Kitenzi hicho ni kutumika.

2.0 Kazi katika historia ya Lubumbashi

Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imekwisha kuundwa mwaka 1906, na tanuri la kuyeyushia shaba lilianza kufanya kazi mwaka 1911. Kwa miongo mingi iliyofuata, kampuni ilimpa mfanyakazi wake zaidi ya mshahara. Ilimpa nyumba, posho, matibabu, na shule kwa watoto wake. Katika mazingira hayo, mtu aliyesemwa kuwa ana kazi alikuwa, kwanza kabisa, mtu wa kampuni. Mkulima na mchuuzi walihangaika sana kila siku, lakini hawakuhesabiwa kuwa na kazi kwa maana hiyo nzito.

Mwaka 1967 kampuni hiyo ilitaifishwa, na baadaye ikajulikana kwa jina la Gécamines. Jina lilibadilika, lakini mfumo wa mwajiri aliye pia mlezi ulibaki. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alipochapisha mwaka 2001 kitabu chake juu ya familia za wafanyakazi hao, alikipa jina linalowataja kuwa ni wana wa Shaba waliotelekezwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, na kufikia mwaka 1994 uzalishaji wa mwaka mzima haukufika tani 50,000. Mnamo 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia.

Mabadiliko hayo yaliacha alama katika lugha. Mwaka 1973 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, mzaliwa wa Ujerumani, alichapisha makala juu ya dhana ya kazi miongoni mwa wafanyakazi wasemao Kiswahili waliokuwa wafuasi wa Jamaa, harakati ya kidini iliyoenea katika miji ya migodi. Aliuchukua msamiati wa wafanyakazi kuwa njia ya kuyafikia mawazo yao. Miaka thelathini na miwili baadaye, mwaka 2005, Pierre Petit na Georges Mulumbwa Mutambwa walichapisha uchunguzi wa msamiati wa Lubumbashi katika wakati wa dhiki, yaani maneno ambayo watu waliyatumia kusimulia jinsi wanavyojipatia riziki nje ya ajira ya kampuni. Tafiti hizo mbili zikiwekwa pamoja, zinaonyesha safari ya mji mzima. Mji uliotambuliwa kwa mshahara ukawa mji wa kujitafutia, wa kile kinachoitwa kwa mzaha kote Kongo Kifungu cha 15, yaani kila mtu ajipatie kwa akili yake.

Kijana anayesomea kompyuta Lubumbashi leo, katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi au katika École Supérieure d'Informatique Salama, amekulia katika hali hiyo ya pili. Babu yake huenda alikuwa mtu wa kampuni. Yeye mwenyewe ameona kwamba anayengoja kuajiriwa hungoja sana. Kwa hiyo, kabla hata ya kupata shahada, huingiza programu katika kompyuta za watu, huunganisha mtandao wa duka, huokoa data za simu iliyoharibika, na hutengeneza tovuti ya mfanyabiashara wa jirani. Malipo huwa ya papo kwa papo, kwa faranga au kwa dola. Jambo hilo si kosa wala si aibu. Ni stadi ya maisha, na wazazi humsifu kwayo. Stadi hiyohiyo ndiyo inayoweza kumponza akifika Ujerumani.

3.0 Mgawanyo wa kazi katika sheria ya Ujerumani

Sheria ya ukaazi ya Ujerumani ina neno moja pana, Erwerbstätigkeit, linalojumuisha shughuli zote za kujipatia kipato. Chini ya neno hilo kuna mafungu, na mawili kati yake yanamhusu mwanafunzi. La kwanza ni Beschäftigung, yaani kazi ya kuajiriwa. La pili ni selbständige Tätigkeit, yaani kazi ya kujitegemea. Sheria ya hifadhi ya jamii ya nchi hiyo inataja dalili mbili za kazi ya kuajiriwa: mtu hufanya kazi kwa kufuata maelekezo, na huwa ameingizwa katika mpangilio wa kazi wa yule anayetoa maelekezo hayo.

Mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, mwenye kibali cha ukaazi kwa ajili ya masomo ya chuo kikuu, anaruhusiwa na kibali hichohicho kufanya kazi ya kuajiriwa kwa kiasi maalumu. Tangu tarehe 1 Machi 2024 kiasi hicho ni siku kamili 140 au nusu-siku 280 kwa mwaka; kabla ya hapo, tangu mwaka 2012, kilikuwa siku 120 au nusu-siku 240. Nafasi za wanafunzi wasaidizi ndani ya chuo, kama vile kusaidia katika maabara ya kompyuta au kuongoza mazoezi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hazihesabiwi katika siku hizo. Vivyo hivyo mafunzo ya kazini ambayo mtaala wenyewe unayalazimisha hayaingizwi katika hesabu hiyo. Yale ambayo mwanafunzi ameyachagua mwenyewe huhesabiwa.

Kazi ya kujitegemea ni habari nyingine. Kibali cha masomo hakiiruhusu chenyewe. Mwanafunzi anayetaka kuifanya hana budi kuomba ruhusa katika ofisi ya wageni ya mji anaoishi, na kuipata kabla ya kuanza. Hapa ndipo taaluma ya kompyuta inapotofautiana na taaluma nyingine nyingi. Anayeosha vyombo katika mkahawa hawezi kuifanya kazi hiyo usiku wa manane chumbani mwake kwa ajili ya mteja aliye mbali. Mwenye ujuzi wa kompyuta anaweza. Chombo chake cha kazi, chombo chake cha masomo na chombo chake cha mawasiliano na nyumbani ni kimoja.

Mfano wa kubuni unatosha kulionyesha jambo hili. Mwanafunzi wa shahada ya pili ameajiriwa na kampuni ya kutengeneza programu. Siku mbili kwa wiki anafanya saa nane nane, na siku ya tatu saa nne. Jumla ni saa 20. Jukumu lake ni kujaribu programu kabla hazijatolewa na kuandika taarifa ya makosa aliyoyakuta. Jioni moja anapigiwa simu na mwenye duka wa mtaa wa Kenya, mjini Lubumbashi, anayetaka tovuti kwa dola 300. Mwanafunzi anaifanya kwa usiku tatu na fedha zinapokewa na mdogo wake nyumbani. Kwa Kiswahili, mtu huyu amefanya kazi mbili, moja kubwa na moja ndogo. Kwa sheria ya Ujerumani, amefanya shughuli za mafungu mawili tofauti, moja iliyoruhusiwa na nyingine iliyohitaji ruhusa ambayo hakuiomba. Udogo wa malipo haubadilishi fungu. Wala haisaidii kusema kwamba mteja yuko Kongo, kwa maana kinachotazamwa kwa kawaida ni mahali alipo mfanyaji anapoifanya shughuli yake. Mtu huyu hakukusudia kuvunja sheria; amefanya tu lile ambalo nyumbani lingemletea sifa. Hata hivyo, kukiuka masharti ya kibali kunaweza kuleta matatizo wakati wa kukiongeza muda, na kibali kisipoongezwa, masomo nayo hukatika.

4.0 Hesabu ya siku na saa

Hesabu ya siku si jambo geni katika historia ya Kiswahili na kazi. Neno kibarua limetokana na barua, kwa sababu ya karatasi ndogo aliyopewa mfanyakazi wa kutwa. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, neno kipande lilipata maana ya kadi ya kazi ya siku 30, iliyojazwa siku baada ya siku mpaka itimie. Kadi ile ilikuwa chombo cha kumshurutisha mtu afanye kazi zaidi ya alivyotaka. Hesabu ya leo ina kusudi lililo kinyume: humzuia mwanafunzi asifanye kazi zaidi ya ilivyoruhusiwa. Jambo moja tu ndilo linalofanana, nalo ni kwamba asiyeweka hesabu yake mwenyewe huachiwa hesabu ya mwingine.

Namna ya kuhesabu ni hii. Siku ambayo mwanafunzi amefanya kazi hadi saa nne huhesabiwa kuwa nusu-siku. Ikizidi saa nne, huwa siku kamili. Tangu mabadiliko ya mwaka 2024 kuna pia hesabu ya wiki. Katika kipindi cha mihadhara, wiki ambayo mwanafunzi hakuzidisha saa 20 inaweza kuhesabiwa kuwa siku mbili na nusu. Nje ya kipindi cha mihadhara, wiki inaweza kuhesabiwa vilevile kuwa siku mbili na nusu hata kama mwanafunzi amefanya kazi kutwa nzima kila siku. Faida yake inaonekana kwa anayefanya saa tano kwa siku nne. Kwa hesabu ya siku ametumia siku nne kamili; kwa hesabu ya wiki ametumia mbili na nusu tu. Wiki 52 zenye siku mbili na nusu kila moja hufanya siku 130, na hivyo hazivuki siku 140.

Mpaka wa saa 20 una umuhimu mwingine katika bima. Mwanafunzi aliyeajiriwa ambaye masomo ndiyo shughuli yake kuu, na ambaye kazi yake kwa kawaida haizidi saa 20 kwa wiki katika kipindi cha mihadhara, huitwa Werkstudent. Ujira wake haukatwi michango ya bima ya afya wala ya ukosefu wa kazi. Hubaki na bima yake ya mwanafunzi. Mchango wa pensheni haumwepuki. Mchango huo ni asilimia 18.6 ya ujira, na nusu yake, asilimia 9.3, hulipwa na mwajiriwa.

Ujira wa chini kisheria ulikuwa euro 12.82 kwa saa tangu Januari 2025, na ukapandishwa kuwa euro 13.90 tangu Januari 2026. Kwa kiwango hiki cha pili, saa 20 huleta euro 278 kwa wiki kabla ya makato. Ajira za kompyuta mara nyingi hulipa zaidi ya hapo. Kwa upande mwingine, tangu Septemba 2024 mwombaji wa kibali cha masomo anayethibitisha uwezo wake kwa akaunti iliyofungwa alitakiwa kuweka euro 11,904 kwa mwaka, yaani euro 992 kwa mwezi. Tarakimu hizi zinaonyesha kwamba ajira ya saa chache inaweza kumtunza mwanafunzi, lakini haiwezi kumtunza yeye pamoja na nyumba nzima iliyo Lubumbashi.

5.0 Kitenzi kutumika na faida yake

Katika Kiswahili sanifu, kutumika humaanisha hasa kuwa katika matumizi: kisu kinatumika, neno linatumika. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho muundo wake ulielezwa kwa kina na Walter Schicho wa Vienna katika kitabu chake cha mwaka 1982, kitenzi hicho ndicho cha kawaida cha kusemea kufanya kazi. Mtu husemwa kwamba anatumika ku Gécamines. Msemaji wa pwani akisikia hivyo hudhani kwamba mtu amefananishwa na chombo, na wapo wanaolichukulia jambo hilo kuwa kosa la Kikongo linalopaswa kusahihishwa.

Mnyambuliko wa kitenzi hauungi mkono lawama hiyo. Shina lake ni tuma, yaani kumpa mtu agizo aende akalitekeleze. Kutokana na shina hilo Kiswahili sanifu kina tumikia, mtumishi na utumishi, na hakuna anayeona ajabu kusikia habari za utumishi wa umma. Anayetumika, kwa asili ya neno, ni yule aliye chini ya agizo la mwingine. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku mjini Lubumbashi kitenzi hiki hupanuka na kuhusu kazi za namna nyingi. Lakini kiini chake kinaafikiana vizuri na zile dalili mbili za sheria ya Ujerumani, yaani kufuata maelekezo na kuwa ndani ya mpangilio wa mwajiri. Kwa upande wa pili, mji huohuo una kitenzi kujidebruye, kilichotokana na Kifaransa, cha kusemea juhudi za mtu anayejitafutia bila bwana. Hiki nacho kinaikaribia kazi ya kujitegemea.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Lubumbashi hana haja ya kujifunza mgawanyo mpya kabisa. Anao tayari kinywani. Akijiuliza kwa Kiswahili sanifu, "Je, hii ni kazi?", jibu litakuwa ndiyo kila mara, na halitamfaa kitu. Akijiuliza kwa Kiswahili cha nyumbani, "Hapa ninatumika kwa mtu, au ninajidebruye?", atakuwa ameuliza swali lilelile ambalo ofisa wa ofisi ya wageni atamwuliza. Akitumika, na ahesabu siku zake. Akijidebruye, na aombe ruhusa kwanza, au amwachie kazi hiyo mwenzake aliye Lubumbashi.

Kwa matumizi ya maandishi, hasa katika miongozo inayoandikwa kwa ajili ya wanafunzi, inafaa kuwa na istilahi zisizochanganya. Kazi ya kuajiriwa, kwa mwanafunzi, inaweza kuitwa ajira ya mwanafunzi. Kazi ya kujitegemea ibaki na jina hilo. Nafasi ya kusaidia chuoni iitwe usaidizi wa chuo. Na mafunzo yaliyomo katika mtaala yaitwe mafunzo ya lazima kazini. Neno kazi peke yake liepukwe kila inapotajwa ruhusa au katazo.

6.0 Kazi ya mtoto machoni pa familia

Utata wa neno kazi haumhusu mwanafunzi peke yake. Habari ikifika nyumbani kwamba kijana amepata kazi Ulaya, katika kampuni ya kompyuta, wasikilizaji wake huipokea kwa kumbukumbu ya mji wao. Kazi, kwa mzee aliyewahi kuwa mtu wa Gécamines, ni nyumba, posho, daktari na ada ya shule. Mwenye kazi ya namna hiyo ana wajibu kwa ndugu zake, na akikaa kimya huonekana amewasahau. Ni vigumu kumweleza mzee huyo kwamba mtoto wake ana kazi kwa saa 20 tu, na kwamba akiongeza saa za ajira katika kipindi cha mihadhara anaweza kupoteza nafuu ya bima, kumaliza siku zake mapema na kushindwa mitihani.

Hili la mitihani ndilo zito kuliko yote. Kibali ni cha masomo. Huongezwa ikiwa lengo la masomo bado linaweza kufikiwa katika muda unaostahili. Anayetuma fedha nyingi nyumbani kwa kuyaacha masomo hukata tawi alilolikalia, na familia iliyokuwa ikimshinikiza kwa mapenzi hupoteza na yeye. Kwa sababu hiyo, ni heri mwanafunzi awaeleze wazee mapema, kwa heshima na kwa maneno yanayopima, kwamba yeye bado ni mwanafunzi anayetumika kidogo, wala si mfanyakazi anayesoma kidogo. Waliopitia maisha ya kampuni huielewa tofauti hiyo wakielezwa vizuri, kwa kuwa wao wenyewe walijua nani alikuwa mtu wa kampuni na nani alikuwa kibarua.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ajira ya saa chache katika kompyuta, ambayo kwa juu juu ni suala la sheria na fedha, ina upande wa lugha usiopaswa kupuuzwa. Neno kazi limebeba historia ya Lubumbashi tangu tanuri la mwaka 1911 hadi dhiki ya mwishoni mwa karne ya ishirini, na mwanafunzi huondoka nalo likiwa na maana zake zote. Sheria ya Ujerumani huzitenganisha maana hizo. Asiyezitenganisha mwenyewe huweza kupoteza kibali kwa sababu ya tovuti ya dola 300. Anayefaulu kumaliza masomo yake anaweza kupewa muda wa hadi miezi 18 wa kutafuta ajira inayolingana na elimu yake, na hapo mlango uliokuwa wazi nusu hufunguka zaidi.

Kwa wanaofundisha Kiswahili kuna funzo la ziada. Lahaja ya Lubumbashi imehukumiwa mara nyingi kuwa Kiswahili kilichopotoka. Katika suala hili, ndiyo iliyoihifadhi tofauti ambayo usanifishaji haukuhitaji kuitunza. Mwalimu anayemfuta mwanafunzi kitenzi kutumika kwa wino mwekundu anastahili kujua kwamba pamoja na neno hilo anafuta pia ujuzi wa watu waliojua, kwa miaka mia moja ya mshahara na ya kukosa mshahara, maana ya kuwa chini ya agizo la mwingine.